Chuo Kilitukuta Hapa

Alama ya X ukutani kwa Bibi ilikuwa ya tano mwezi huo. Nyekundu, pana kama mtu aliyenyoosha mikono, na rangi yenyewe bado inachuruzika kama kamasi za mtoto. Bibi alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Gunzi mkononi, kopo la majivu miguuni, na pembeni ndoo ya maji ambayo binti yake ameifuata alfajiri mwendo wa nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Na bomba la hosteli za chuo linapita chini ya ua huohuo. Ukilaza sikio chini unayasikia maji yakikimbia kwenda kwa wenyewe.

Fundi rangi hakuwa ameondoka. Alikuwa amechutama kwenye jiwe, anafuta brashi yake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umerudi tena."

"Nimerudi tena."

"Na rangi ileile?"

"Leo wametupa nzuri zaidi, ya mafuta. Hii itakusumbua kidogo."

"Basi niachie na mafuta ya taa, nisivunjike viwiko."

Fundi rangi akammiminia kidogo kwenye kifuniko cha kopo, bila kinyongo. Mtaa mzima unajua kwamba yule bwana analipwa kwa kila X anayochora, na nyumba nyingine zote alichora mara moja akamaliza. Bibi peke yake ndiye anayefuta. Bibi akifuta, yeye anaitwa tena.

"Kwa kweli Bibi, wewe ndiye unayenisomeshea mtoto."

"Mwambie asome kwa bidii basi. Mimi nimebakiza kiwiko kimoja."

Binti yake alicheka akiwa anafunga sandali mlangoni. Huyo binti si binti wa jana, ana miaka hamsini na moja, ila kwa mama yake ni binti tu. Mtaani na chuoni anaitwa Mama Jalada, kwa sababu ya kazi. Akavuka kizingiti cha saruji, akainamisha kichwa asigonge bati, akashika njia ya ukutani kwenda kibandani kwake.

Mji wenyewe ni ule mji ambao jiji limeunyooshea mkono lakini halijaufikia. Saa kumi na moja alfajiri mabasi yanabeba watu kwenda jijini kufagia maofisi, na saa mbili magari ya wahadhiri yanakuja kutoka jijini na vioo vimefungwa. Katikati kuna chuo na ukuta wake. Mbele ya ukuta kuna maduka, vinyozi, vyumba vya kupangisha, madirisha ya kuuza vocha. Nyuma ya ukuta kuna mtaa wa kina Bibi. Watu wa mtaa huo wanafua mashuka ya hosteli, wanafyeka nyasi za kiwanja cha mpira, wanalinda lango, wanapika chai ya mapumziko. Jioni wanarudi nyuma ya ukuta. Mtoto wa pale aliyewahi kuingia chuoni kwa kusoma, si kwa kufagia, bado anatafutwa.

Sasa chuo kinataka kujenga hosteli mpya za ghorofa, na mahali palipopendeza ni palepale walipo wao. Sheria iko wazi, hata watoto wanaijua kama jedwali la kuzidisha. Aliyekuwepo kabla ya chuo, akihamishwa anapewa kiwanja na nyumba. Aliyekuja baada ya chuo anapewa siku thelathini.

Ndiyo maana miezi mitatu nyuma wanafunzi walipita nyumba kwa nyumba na fomu. Kaya mia mbili na kumi na nne. Ulikuja lini, ulikuja na nani, nani anakufahamu. Bibi aliwapa viti, akawapa chai, akawaonyesha na kizingiti chake. Marehemu mume wake alikimimina mwenyewe, na saruji ikiwa mbichi akachukua msumari akaandika mwaka. Miaka sita kabla mtu yeyote hajasikia neno chuo.

*

Kibanda cha Mama Jalada kimeegemea ukuta wa chuo kama mlevi. Mabati matatu, meza moja, kompyuta mbili ambazo moja inafanya kazi na nyingine inatolewa vipuri. Printa. Mashine ya kukatia karatasi, ile yenye kisu kirefu, ambayo mwaka wa pili wa kazi ilimla ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Tangu hapo anachapa kwa vidole vinane, na bado hakuna mtu mbele ya ukuta wala nyuma yake anayemkaribia kwa kasi.

Miaka kumi na tisa. Tasnifu zilizopita mikononi mwake zingeweza kujenga nyumba. Kilimo, sheria, magonjwa ya kuku, historia ya reli. Alisoma zote, si kwa kupenda, ni kwamba huwezi kuchapa kitu bila kukipitisha kichwani. Na kuna jambo moja ambalo wanafunzi wanaambizana mwaka hadi mwaka: ukimpelekea Mama Jalada kazi yako, usihangaike kuirudia. Akiona neno limekosewa analinyoosha. Akiona jedwali hesabu yake haifiki mia, anarudi nyuma anatafuta iliyopotea. Hasemi. Unakuta tu kazi yako imekuwa na akili kuliko wewe.

Siku hiyo gari jeupe likasimama mbele ya kibanda. Akashuka Daktari.

Si daktari wa sindano. Ni mhadhiri, mkuu wa idara, na watu wanasema ghorofa hizo zikisimama yeye ndiye atakayezisimamia. Lakini Mama Jalada anamkumbuka akiwa mwembamba kama ufito, mwanafunzi wa suruali moja, amepanga chumba cha kushoto nyumbani kwa Bibi. Alikaa miaka mitatu. Alikuwa anamwita Bibi mama. Tasnifu yake ya kwanza, ya pili na ile ya udaktari, zote zilichapwa kwenye meza hii.

"Mama Jalada, habari za siku?"

"Nzuri Daktari. Umenenepa."

"Ni vikao hivyo." Akaweka juu ya meza daftari la kurasa nyingi zilizoandikwa kwa mkono, halafu akarudi garini akaja na boksi kubwa. "Hii ni ripoti ya utafiti wa makazi. Nakala arobaini, jalada gumu, Alhamisi saa nne asubuhi. Zitatoka hapa moja kwa moja ukumbini."

"Na boksi?"

"Fomu. Utazihitaji kwa kiambatisho. Chukua mbili tatu uweke za mfano."

"Umezipitia zote?"

Akacheka. "Nani anasoma viambatisho, Mama Jalada?"

"Na mwandiko wako je? Bado kuku ametembea juu ya karatasi."

"Ndiyo maana nakuletea wewe. Wale wa jijini wangenirudishia mara kumi." Tayari alikuwa anafungua mlango wa gari. "Utaratibu ni uleule wa siku zote. Ukiona kosa, sahihisha. Usinipigie simu, niko kwenye vikao mpaka Alhamisi."

"Ukiona kosa, sahihisha," akarudia Mama Jalada.

"Msalimie mama."

Mama Jalada akaangalia vumbi lililobaki, akawasha kompyuta.

*

Kurasa kumi na sita za mwanzo zilikuwa maneno ya kawaida: shukrani, malengo, umuhimu wa utafiti. Kwenye shukrani Daktari aliwashukuru wakazi kwa ukarimu wao. Ukurasa wa kumi na saba vidole vikasimama.

*Utafiti umebaini kwamba kaya zote 214 zilihamia eneo hili baada ya ujenzi wa chuo kuanza, zikivutiwa na ajira.*

Akasoma tena. Akafikiri labda ni ule mwandiko. Akapeleka ukurasa mlangoni kwenye mwanga. Mwandiko haukuwa na shida yoyote. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Daktari alikuwa ameandika vizuri.

Chini kidogo kulikuwa na mfano: *Mhojiwa namba 31, mwanamke mzee, alifika kutafuta kibarua cha kubeba maji wakati ukumbi mkuu unajengwa.*

Akavuta boksi. Fomu zilikuwa zimepangwa kwa namba, na thelathini na moja haikuwa mbali. Mwandiko wa mwanafunzi, wa duaraduara, na chini yake dole gumba la wino wa zambarau.

*Chuo kilitukuta hapa. Nilikuwa na watoto wawili tayari na nyumba ya vyumba vitatu. Walipojenga ukumbi nilibeba maji ya zege kwa kichwa, ndoo kwa ndoo. Huyu binti anayewachapia kazi zenu alikuwa anashika gauni langu nyuma. Mwaka umeandikwa kizingitini, nendeni mkausome, mimi sijui kusoma.*

Alikumbuka gauni. Alikumbuka maji yakimmwagikia utosini kila mama yake alipojikwaa.

Basi akazitoa fomu zote mezani. Mchana huo wanafunzi waliokuja na flashi zao aliwaambia warudi kesho. Akasoma moja moja, akizigawa mafungu mawili, kabla na baada, akiweka kipande cha tofali juu ya kila fungu zisipeperuke. Alikuta jirani zake wote humo. Mfua mashuka. Kinyozi na mama yake. Namba themanini na nane ilikuwa ya shemeji yake mwenyewe, mdogo wa marehemu mume wake, mlinzi wa lango la chuo: *Nimezaliwa nyumba hii. Mimi ni mkubwa kuliko chuo kwa miaka saba.*

Kufika saa kumi fungu la kabla lilikuwa na mia moja sitini na tatu. Fungu la baada hamsini na moja. Akahesabu mara ya pili. Ikaja ileile.

Alikaa. Ng'ambo ya ukuta wa chuo nyuma yake kulikuwa na kelele za mpira. Alifikiria kukataa kazi. Angekataa, Daktari angeipeleka jijini, na ripoti ingetoka vilevile, labda na makosa zaidi ya herufi. Alifikiria kumpigia simu. Lakini si amesema asipigiwe?

Na kweli kosa lilikuwepo. Kosa la mia moja sitini na tatu.

Akavuta kiti. *Utafiti umebaini*, akaandika, *kwamba kaya 163 kati ya 214 zilikuwepo kabla ya chuo.* Akaenda kwenye jedwali akalinyoosha. Akaenda kwenye muhtasari wa mwanzo, kwa sababu wakubwa wanasoma huo tu, akaunyoosha nao. Mhojiwa namba 31 akamrudishia maneno yake yote, mpaka ndoo kwa ndoo. Maneno ya Daktari mengine hakuyagusa. Hata zile shukrani kwa ukarimu wa wakazi aliziacha zilivyo.

Jumatano akashona, akapaka gundi, akabana. Zile herufi za chuma za kugongea jina akazipasha moto akagonga dhahabu kwenye majalada arobaini. Vidole vinane. Alhamisi saa tatu na nusu dereva wa Daktari akaja akazipakia garini, bado zina joto.

*

Ukumbi mkuu ulikuwa umewekwa viti vya plastiki kwa wakazi na viti vya kitambaa kwa wengine. Wakazi waliitwa kwa ajili ya picha, hilo halikufichwa. Mpiga picha aliwapanga mwenyewe, wazee mbele. Bibi akakaa safu ya kwanza na fimbo yake. Aliangalia nguzo, akaangalia dari.

"Hii nguzo ya tatu," akamwambia Mama Jalada, "ilikunywa maji yangu wiki nzima."

Mwenyekiti wa baraza la chuo alikuwa ametoka jijini na alikuwa na haraka ya kurudi. Daktari akamkabidhi nakala kwa mikono miwili. Picha zikapigwa. Mwenyekiti akafungua ukurasa wa muhtasari, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa kipaza sauti, kwa ile sauti ya mtu anayesoma huku akiwaza chakula cha mchana.

"Utafiti umebaini kwamba kaya mia moja sitini na tatu kati ya mia mbili na kumi na nne zilikuwepo kabla ya..."

Akarudi nyuma mstari mmoja, kama mtu aliyekanyaga kitu. Kwenye viti vya plastiki mtu akasema "Soma tena mzee, hatujasikia vizuri," na watu wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache.

Daktari alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa na tabasamu ambalo limesahauliwa pale.

"Samahani Mwenyekiti. Hilo ni kosa la mchapaji."

Makofi yakafa. Mama Jalada alijikuta ameshasimama, mkoba uliokuwa mapajani ukaanguka.

"Kosa gani, Daktari?"

"Mama Jalada, kaa. Tutazungumza baadaye."

"Nimekuchapia tasnifu tatu. Ulishawahi kunirudishia hata ukurasa?"

"Nimesema kaa."

"Uliniambia nikiona kosa nisahihishe. Nikuonyeshe fomu? Ninazo zote."

Mwenyekiti akainama kwa Daktari, akasahau kipaza sauti kiko wazi. "Huyu ni nani?"

"Ni mchapaji tu."

"Sasa mchapaji amepewaje data?"

Bibi alikuwa anajiinua kwa fimbo. Ilichukua muda, na watu wote wale, wa plastiki na wa kitambaa, ikabidi wasubiri.

"Mwanangu," akamwambia Daktari. Sauti yake haikuhitaji kipaza. "Ulikaa chumba cha kushoto miaka mitatu. Kila siku unakivuka kile kizingiti. Mimi sikujua pale pameandikwa nini, mume wangu alikufa hajaniambia. Nani alinisomea?"

Daktari aliangalia karatasi zake.

"Ulichutama ukaweka kidole. Ukasema, mama, nyumba yako ni kubwa kwa umri kuliko chuo. Ukacheka. Siku hiyo nilikupikia."

"Mama, mimi ni mwajiriwa," akasema Daktari, taratibu sana, kwa ile sauti ya mpangaji. Halafu akageuka kwa Mwenyekiti kwa sauti nyingine. "Ninaomba ripoti irudishwe kwa marekebisho ya kiuchapaji."

"Irudishwe," akasema Mwenyekiti, akavua miwani.

*

Ijumaa umeme wa kibandani ukakatwa. Jumatatu likabandikwa tangazo langoni: kazi zilizochapwa nje ya maeneo yaliyoidhinishwa hazitapokelewa na chuo. Wanafunzi wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Wengine walimsalimia kwa nyusi tu.

Jumanne akaja shemeji yake na sare, rungu kiunoni. Hakuingia. Akasimama mlangoni akiangalia viatu vyake.

"Shemeji, wamenituma nichukue boksi la fomu."

"Wamekutuma wewe."

"Wanajua sitafukuzwa na mbwa." Akajaribu kucheka. "Nina watoto wanne na sare moja, shemeji. Usinifanye niseme mengi."

Mama Jalada akainama chini ya meza. Lilikuwepo boksi, lilelile, limefungwa kamba. Ndani yake kulikuwa na kurasa zote zilizoharibika za miaka kumi na tisa, pamoja na rasimu za Daktari za ujana, zile zenye makosa. Shemeji akalinyanyua. Akalipima mkononi kidogo. Pembeni, nyuma ya kompyuta mbovu, kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka, kimekaa mraba.

"Uzito ni uleule?" akauliza.

"Uleule."

"Mimi najua kubeba tu. Kusoma ni kazi ya wengine." Akaweka boksi begani akaondoka, na hakugeuka nyuma.

Wiki ya pili ripoti ikatoka. Hawakuhangaika kuichapa upya, walitumia majalada yaleyale ya Mama Jalada, dhahabu ileile. Kilichoongezwa ni kikaratasi, kidogo kama tiketi, kimebandikwa kwa gundi ukurasa wa kumi na saba. Fundi rangi ndiye aliyemletea nakala, kaokota ofisi za mji.

*Masahihisho. Badala ya "kaya 163 zilikuwepo" soma "hakuna kaya iliyokuwepo". Tunaomba radhi kwa kosa la mchapaji.*

Bibi, aliyekuja kukaa kibandani na binti yake, akaomba asomewe. Akasomewa. Akaomba mara ya pili.

"Kumbe sikuwepo," akasema. Akakichukua kile kikaratasi akakizungusha kwenye mwanga. "Hawajui hata kubandika. Gundi imevuja."

"Na ni nyingi," akasema fundi rangi, akitafuta la kusema. "Hiyo haitoki hata kwa mafuta ya taa."

"Kuna kitu kisichotoka kwa mafuta ya taa? Wewe unanijua mimi."

Siku hiyo, mbele ya macho yao, Mama Jalada akafunua shuka. Akaanza kazi. Umeme hakuna, kwa hiyo akatoboa kwa msumari na nyundo, akashona kwa sindano ya magunia, fomu zote mia mbili na kumi na nne, za kabla na za baada, hakuacha hata moja, maana hata wale hamsini na moja walisema ukweli. Kila jirani aliyepita alishika ncha moja ya uzi. Herufi za chuma akazipasha kwenye jiko la mkaa, akizigeuza kwa koleo. Alipogonga ya kwanza, jalada jeusi likatoa moshi mdogo. CHUO KILITUKUTA HAPA. Ile A ya mwisho iliungua kidogo upande, hakuifuta.

Kila tasnifu ina ukurasa wa mbele wenye mstari: *Imepitishwa na msimamizi.* Bila sahihi hiyo maktaba haipokei. Mama Jalada akauchora mstari kwa rula. Bibi akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalipuliza, akalikandamiza pale, akalishikilia muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

"Hivyo nimeshakuwa daktari," akasema.

*

Siku ya thelathini tangu ripoti kutoka iliangukia Jumatatu. Saa moja asubuhi Bibi alikuwa ameshaweka kigoda juu ya kizingiti, ndoo pembeni, gunzi mkononi. Ukuta wake ulikuwa mweupe. Fundi rangi hakutumwa tena. Hawakuhitaji tena rangi.

Mama Jalada akaenda langoni na kitabu kifuani. Kizito, amekibeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Shemeji yake alikuwa kwenye zamu. Nyuma yake, ndani ya ua wa chuo, tingatinga la manjano lilikuwa limeshawashwa, linatetemeka mahali pamoja.

"Shemeji, leo usije," akasema mlinzi. "Leo kaa nyumbani. Mtoe Bibi pale."

"Mtoe wewe. Mimi naenda maktaba kuweka kazi."

"Huna kitambulisho."

"Ninayo sahihi ya msimamizi."

"Tangazo limesema..."

"Najua lilivyosema, na lina makosa mawili ya herufi. Kama huwezi kuniruhusu, kipokee wewe. Andika kwenye kitabu chako cha wageni kwamba kimepokelewa langoni, saa ngapi, na nani."

Akakiweka juu ya kiti chake cha mlinzi, katikati kabisa ya njia. Mlinzi akatazama nyuma, akatazama mbele. Dereva wa tingatinga alisogea mpaka karibu na lango akasimama, akiwa anasubiri lifunguliwe. Akapiga honi, ya heshima, fupi.

Mlinzi alikuwa na ufunguo mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akafungua jalada, pengine ili tu akisogeze. Akaona dole gumba. Akafunua fomu moja, mbili, halafu kwa mafungu, akihesabu bila sauti, akapita thelathini na moja, akapita sitini. Alipofika themanini na nane akaweka kidole, kama watu wanavyoweka kidole juu ya maandishi ya saruji, akasoma kwa midomo. *Mimi ni mkubwa kuliko chuo.*

Honi ikapigwa tena, ndefu. Nyuma ya ukuta, mtu mmoja alikuwa anasugua kwa gunzi.

"Fungua," akasema dereva kutoka juu. "Mzee, si wewe ndiye mwenye ufunguo?"

Mlinzi hakuinua kichwa. Kidole kilikuwa palepale ukurasani, na ufunguo ulikuwa umeshaingia nusu kwenye kufuli.